Pedali ya Tatu

Mamba aliyemla Jairus mguu alikuwa na adabu kuliko watu. Alikuja mara moja tu, ukingoni mwa shamba la ndizi kule Ngao, akachukua mguu wa kushoto hadi juu ya goti, akaenda zake. Hakurudi wiki ya pili kumweleza kwamba alifanya vile kwa faida yake. Jairus husema maneno hayo mpaka leo, na wanaomsikia hucheka, kwa sababu hawajui anamsema nani.

Baada ya mguu kukatika alikaa nyumbani miaka miwili. Akawa hana jina. Mgeni akiuliza njia ya kwake, aliambiwa, "Kwa yule wa mamba? Nyoosha hivyo." Siku alipochoka na hilo aliuza ng'ombe wake wote na kununua lori dogo la otomatiki, lenye pedali mbili tu, mafuta na breki, zote kazi ya mguu wa kulia. Wanaume wa Garsen walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Hilo ni gari la akina mama, walisema. Yeye akawaacha wacheke, akapakia maembe.

Msimu haukwisha kabla jina la mamba halijafa. Akawa Dereva. Dereva, kesho unapita? Dereva, nibebee hizi ndizi mpaka Malindi. Hata mchungaji alipomwombea kanisani alisahau jina la ubatizo akasema, "Bwana, mlinde Dereva." Priscilla, mkewe, alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Hiyo ndiyo siku Jairus alipojihisi mtu mzima tena, mwenye viungo vyote.

Kisha zikaja mvua za Novemba, mto ukatoka njiani mwake. Harrison, mdogo wake, alikuwa akihangaika na vibarua Malindi. Akapiga simu akilia: mkewe na watoto wanne wamezingirwa na maji Kilelengwani. Nassir, fundi wa gari lile, alikwisha kumwonya Jairus tangu mwanzo. Maji yakizidi nusu ya gurudumu, rudi, maana giaboksi ya otomatiki ina kitundu cha kupumulia, na ikinywa maji imekufa. Jairus alijua. Aliingia mara mbili, na mara ya pili maji yaliingia mpaka kwenye viti. Mke na watoto wa Harrison walitoka wazima, na watoto wa jirani, na mbuzi wa jirani.

Wiki haikuisha. Injini ikawa inanguruma na magurudumu yamelala. Nassir alipofungua nati ya chini ya giaboksi pale gereji yake Garsen, oili inayotakiwa kuwa nyekundu ilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Imekunywa mto, ndugu yangu," alisema. Nassir ni mtu wa Kipini na hana tabia ya kupaka maneno sukari. "Naweza kuifungua, nikatoa sahani za ndani zilizokufa, nikaisuka upya. Vyombo vitoke Mombasa, kama mwezi hivi. Wallahi, sikuapii kuwa itapona. Au n'kutafutie otomatiki nyengine iliyotumika, nayo hatujui imenyweshwa nini huko ilikotoka. Au n'kutilie giaboksi ya mkono. Iko moja, ya lori lililopinduka karibu na Minjila. Siku tano umeondoka."

Bei zilikaribiana. Kilichotofautiana ni siku, na maembe yalikuwa yameanza kuiva. Lakini giaboksi ya mkono ina klachi, na klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto.

Waliketi nyumbani kuamua. Harrison alikuja na leseni yake mfukoni, akaianza hotuba kwa kumshukuru kaka kwa watoto, na Jairus akajua pale pale kwamba kuna jambo. Shukrani ya Harrison hutangulia maombi kama umeme unavyotangulia radi.

"Kaka, tusidanganyane," alisema. "Otomatiki ikiharibika tena, nani anaijua hapa? Weka ya mkono. Mimi nitaendesha. Wewe utakaa tu."

"Nitakaa tu," Jairus akarudia.

"Baba Everline," Priscilla akaingia taratibu, "maembe hayajui kungoja mwezi."

Jairus alisikiliza yote. Kisha akasema gari ni lake na otomatiki itasukwa, hata kama itachukua miezi miwili. Hakuna aliyebishana. Harrison alisema sawa, kaka, wewe ndiye mwenye gari. Priscilla akatenga chai. Jairus alilala kwa amani usiku ule, mjinga wa watu.

Siku ya sita alipanda bodaboda mpaka Garsen kuuliza kama sahani zimefika. Lori lilikuwa limesimama nje ya gereji, safi. Akafungua mlango. Chini kulikuwa na pedali tatu. Ile ya tatu ilikuwa imelika raba upande mmoja, kwa miaka ya mguu wa mtu mwingine asiyemjua.

Nassir alitoka akijifuta mikono, akaona uso wake, akasimama. "Harrison alikuja," alisema. "N'liambiwa mmekubaliana. Sikumwamini, nikampigia mkeo."

Jairus aliegemea gongo lake akapiga simu nyumbani.

"Ulimwambia fundi nimekubali?"

Kuku walisikika nyuma yake.

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungekataa tena."

Nassir hakuwa na sauti ile ya biashara. "Sema neno tu," alisema. "Naitoa sasa hivi. Ile yako naisuka bure, kosa ni langu pia." Otomatiki ilikuwa pale pembeni juu ya gunia, tumbo wazi, vyuma vyake vimemwagwa kwenye karai.

Neno lilikuwa kooni. Jairus alichungulia nyuma ya lori. Harrison alikwisha kufunga kamba mpya za kupakilia. Kule Ngao akina mama walikuwa wamechuma tangu juzi, kwa kuwa walisikia gari limepona, na maembe yakishachumwa hayarudi mtini. Angeng'oa giaboksi, yangeoza mbele ya milango yao, nao wangejua ni kwa sababu ya mguu wake. Harrison na Priscilla walimfunga kwa maembe. Aliwachukia wote wawili pale, mke na ndugu, chuki safi isiyo na hata tone la maji. Na akaona wazi kwamba hesabu yao ilikuwa sawa, hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Wacha," alisema.

Kesho yake walipakia. Harrison alikuwa akikwaruza gia ya pili kila mara, na kila mara Jairus, aliyeketi katikati kwa sababu mlangoni palikuwa pa abiria, alihisi meno ya vyuma kwenye meno yake. Karibu na Garsen Mama Asenath, mchuuzi wa maembe, aliwasimamisha akiwa na magunia matatu.

"Dereva! Hii gunia iko na maembe laini, weka juu!"

"Sawa, mama," Jairus akajibu.

Lakini mama yule alikuwa akimwangalia Harrison, na Harrison alikwisha kushuka. Mama Asenath akapanda, akajipanga, akamsukuma Jairus kidogo kwa nyonga apate nafasi. Simu yake ikalia.

"Eeh, nimepata gari," alimwambia mtu wa upande wa pili. "La Harrison. Niko hapa mbele na kaka yake. Si unamjua? Yule wa mamba."

Harrison akaingiza gia. Jairus akavuta gongo lake karibu, lisimzuie dereva.