Turbo Niliyomuuzia Shemeji

Turbo ya lori la shemeji yangu wa Mutsamudu ilipokufa, mimi nilikuwa na nyingine Moroni, kubwa, niliyoichomoa kwenye lori lililotupwa na mamluki. Miaka ile wazungu hao ndio waliotamba visiwani kwetu, nami nikaiuza kwa sifa hiyo hiyo.

"Hii ya askari, shemeji. Mlima utakuinamia."

Nilijua haifai. Nilipima mdomo wake mara mbili, na mara zote ulizidi ule wa zamani kwa vidole viwili. Feni kubwa ndani ya turbo ni nzito, husubiri moshi mwingi wa injini ndipo izunguke na kusukuma hewa. Barabara ndefu ya tambarare ingeivumilia. Mutsamudu tambarare ni uwanja wa msikiti tu.

Safari ya kwanza ya turbo hiyo ilikuwa harusi kubwa ya mpwa wa shemeji, nami nikapanda naye lorini. Yeye ndiye mjomba, kwa hiyo ni juu yake kufikisha vitu vya bwana harusi kwa wakwe, kijijini juu, kabla ya sala ya Ijumaa, watu wote wakiona.

Kona ya kwanza akakanyaga mafuta. Kimya. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo lori likaruka, kona imeshapita. Kona ya tano halikuruka. Lilianza kurudi nyuma. Nikashuka mbio na kabari ya mti, nikaisukuma chini ya tairi.

"Shemeji," akaniita dirishani, "askari wako wamelala?"

Kina mama waliokuwa wakiimba nyuma wakacheka. Kisha wakashusha mizigo, wakajitwika. Kabati lilibebwa na wanaume wanne, mmoja wao mimi. Tulifika watu wanatoka msikitini.

"Vitu vyenu vimekuja kwa miguu?" akauliza baba wa bibi harusi.

"Kosa langu," shemeji akajibu. "Turbo niliichagua mwenyewe."

Akaniketisha kwenye sinia la wazee, akanimegea nyama ya kwanza.

Asubuhi nikamwambia: nilijua ni kubwa.

"Najua," akasema. "Wewe hukosei vipimo."

Nilirudi na turbo ndogo, nikaifunga kwa mikono yangu. Lori likaruka mara alipokanyaga mafuta, kona zote kumi na moja, kupanda na kushuka. Akanishukuru mbele za watu, bila kejeli.

Ila tangu siku hiyo, kila ninachomletea hukipima mwenyewe, mbele yangu, mara mbili.