Kosa la Ukoo, Vidole Vyangu

Nilikuwa nimekunywa chai nusu kikombe pale saiba ya Garsen, duka la intaneti, nilipoitwa nikasome mwenyewe. Dada wa saiba alikuwa ameacha kutabasamu. Akageuza skrini upande wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu, kwani wewe ulimjeruhi mtu?"

Mimi? Nikacheka. Nilikuwa nasubiri cheti cha tabia njema, hiki cha polisi kinachotoka baada ya vidole vyako kukaguliwa, na wala sikuwa na wasiwasi. Sivuti, sinywi, sijawahi hata kuzozana na mtu sokoni. Nikainama nikasoma. Kujeruhi. Alikiri kosa. Kifungo cha nje, miezi kumi na miwili. Jina langu, la baba, la babu. Subhanallah! Nikashika meza yake mpaka vitu vikaanguka chini.

"Futa," nikamwambia.

"Nifute nini, ndugu yangu? Hii si yangu kufuta."

Miaka mitatu nilikuwa nimeendesha ambulensi ya hospitali kama kibarua. Nimebeba akina mama wenye uchungu barabara ikiwa tope tupu, mwingine akajifungulia humo humo nyuma yangu kabla hatujafika. Sasa walikuwa tayari kuniajiri moja kwa moja. Msimamizi, mama mmoja wa Kipokomo aliyenipenda sana, alikuwa ameniambia, "Leta cheti kabla ya Jumatatu, mwanangu, nafasi isije ikaenda kwa mtu mwingine." Siku ile ya saiba ilikuwa Alhamisi.

Msidhani nilikuwa nimesahau. Nilikumbuka vizuri sana, ila kwetu jambo lile lilikuwa limekwisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa ukame mbaya, na ng'ombe wetu, wakikimbilia maji ya mto, waliingia shamba la mahindi karibu na Idsowe. Mwenye shamba akaja juu. Kaka yangu mkubwa naye akaja juu. Wakashikana, na panga la kaka likampasua yule mkulima mkono. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na ndama. Polisi walipofika kijijini kumtaka mtu wao, wazee hawakukaa hata nusu saa. Kaka ana mke mjamzito, na ndiye anayejua pa kuhamishia ng'ombe. Mimi sina mke, sina mtoto. Baba akaniambia, "Nenda wewe."

Nikaenda, wala sikuona ajabu. Kwetu mtu akiumizwa, anayedaiwa si aliyeumiza peke yake, ni ukoo mzima, basi yeyote wa ukoo anatosha. Nikapakwa wino vidole vyote kumi, nikakubali kosa mbele ya hakimu, nikarudi nyumbani. Baadaye wazee wa pande zote mbili wakafanya maslaha, suluhu ya kimila. Mitamba yetu ikaenda kwa mkulima, dua ikasomwa, wali ukaliwa sinia moja. Mkulima mwenyewe, mkono wake bado umefungwa bandeji, akanishika bega akasema tumemaliza. Alijua fika kwamba si mimi niliyemkata. Kila mtu alijua. Nani angedhani kuna karatasi mahali fulani ambayo haikualikwa kwenye wali ule?

Kutoka saiba nilipanda pikipiki mpaka kwa kaka. Siku hizi ni askari wa akiba, analinda kijiji kwa bunduki ya serikali. Na yeye alipoomba kazi hiyo alipeleka vidole vyake. Vikarudi safi! Cheti chake nilikikuta ukutani, kimetiwa plastiki, kimetundikwa juu ya saa. Nimekunywa chai chumba kile mara ngapi na sikuwahi kukisoma. Siku ile nikakisoma, neno kwa neno, damu ikanichemka.

"Sasa unataka nifanyeje?" akasema. "Nina watoto saba. Wakijua, wataichukua bunduki, nami watanifunga."

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, mpaka mkewe akawatoa watoto nje. Yeye hakunijibu tusi hata moja. Alisema tu, "Si mimi niliyekutuma, ndugu yangu."

Na hilo lilikuwa kweli. Nikaenda kwa baba.

"Si tulifanya maslaha?" baba akauliza.

"Maslaha mlifanya na mkulima, baba. Serikali haikuwepo."

Nikamweleza habari ya vidole, kwamba kila mtu ana vyake na havibadilishwi, na kwamba vyangu viko Nairobi na kosa la kaka juu yake. Nilimweleza mara mbili. Kisha akasema, "Kesho nipeleke. Nitawaambia ukweli."

Wallahi nililia. Baba yangu hajui uongo. Hata akiuza ng'ombe humwambia mnunuzi ubaya wa yule ng'ombe kwanza, watu wanamcheka mnadani.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kituoni. Amevaa kanzu safi na kofia. Afande wa zamu alimpa kiti na kumsikiliza kwa adabu. Akatueleza kwamba jambo kama hili linaweza kurudishwa mahakamani, ni safari ndefu, lakini linaanza na maandishi ya shahidi. Na hospitali ikiona kwamba limeanza, huenda ikanivumilia. Akachukua kalamu.

"Na huyo utakayemtaja, mzee, leo hii nitatuma watu wakamlete. Haya, ni nani aliyemkata mkulima?"

Baba akafungua mdomo. Akaufunga, akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. Nikamwambia kwa lugha yetu, polepole, "Sema, baba." Afande akarudia swali.

Baba akainua fimbo yake akanielekezea mimi.

"Ni huyu," akasema.

Nilimtazama nikidhani amechanganyikiwa, uzee, joto, chochote. Hakuniangalia. Fimbo hakuishusha. Afande akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi taratibu, kama mtu anayetoa pole.

"Ni kweli anavyosema mzee wako?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kulitaja jina la kaka mara kumi, na nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Ila ningelitaja, baba angekuwa muongo mbele ya polisi, na umri ule, na kanzu ile.

"Ni kweli, afande," nikasema.

Jumatatu nikarudisha ufunguo wa ambulensi. Mama msimamizi aliupokea akautia kwenye droo. Ile karatasi ya polisi nilimtumia tangu Ijumaa, alikuwa tayari ameshaiona, na tangu siku ile tukikutana njiani huvukia upande wa pili.