Nyasi za Nyumba ya Kitendaguro

Mwaka ule wanaume wa Izigo walikula viazi vitamu mchana kweupe, na hakuna aliyeona aibu. Kabla ya hapo chakula cha mwanamume kilikuwa ndizi, na aliyekutwa na kiazi mdomoni alisema anaumwa tumbo na kiazi ni dawa yake. Lakini mvua ya mawe ilikuwa imeshuka, ikapasua majani ya migomba na kuangusha mikungu michanga, na migomba ikabaki imesimama kama watu walionyang'anywa nguo. Basi tukala viazi. Tukala magimbi. Na nyumba yetu ikala njugu mawe zangu.

Nasema zangu kwa sababu zilikuwa zangu. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilikuwa cha mume wangu, na kabla yake cha baba yake. Humo mimi nilikuwa mtu wa kupalilia tu. Lakini kule nje kwenye rweya, uwanda wa nyasi usio na mgomba hata mmoja, mwanamke aliruhusiwa kulima kipande chake, na alichovuna hakuna aliyemuuliza. Mimi mzaliwa wa Kimwani, niliyeolewa mbali na kwetu, sikuwa na kitu kingine duniani cha kuita changu. Nilichagua mahali tambarare, nikang'oa nyasi na mizizi yake mpaka kucha zikanitoka.

Mwaka wa viazi, mama mkwe alikula njugu zangu. Wifi yangu alikula. Mume wangu alikula akasema, "Mke wangu, mwaka huu mgomba wetu ni wewe." Nilicheka. Nilikuwa bado msichana, sifa ilinishibisha kuliko chakula.

Mume wangu alifanya kazi Bukoba, kwenye kiwanja cha gofu cha Wazungu, kando ya ziwa. Alimbebea Mzungu mmoja mfuko wa fimbo. Siku ambazo Wazungu hawakucheza alirudi Izigo kutusimulia.

"Wanapiga mpira mdogo, kama yai la njiwa, mpaka uingie shimoni," alisema.

"Kisha?" mama mkwe akauliza.

"Kisha wanautoa."

"Wanautoa waufanyie nini?"

"Wanaupiga tena, uende shimo jingine."

Mama mkwe alipiga makofi. "Mae! Na hawa ndio wanaotutawala!"

Siku moja alirudi na fimbo ya chuma, imepinda shingoni. Mpini ulikuwa umepasuka, Mzungu wake akaitupa, yeye akaifunga waya. Alinipeleka rweya akaniambia nisimame nyuma yake. Aliweka chini kokwa la parachichi, akasimama kimya, halafu akazunguka na ile fimbo mwili mzima, kuanzia kisigino. Sikuona kokwa likiondoka. Nilisikia tu hewa ikikatika. Kisha akabaki amesimama vilevile, mikono juu, anatazama mbali, mzuri kama mtu aliyechongwa. Wajukuu zangu siku hizi wanaitumia fimbo ileile kuangulia mapera, na kila wakiishika naisikia ile hewa. Sitadanganya. Mume wangu alijua kupiga.

Akataka mahali pa kujifunzia. Nyasi za rweya zilikuwa ndefu, mpira ungepotea. Mahali palipokuwa peupe, palipokuwa sawa, palikuwa shambani kwangu tu.

Hapa nieleze jambo la kwetu. Mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, kabla hata hajaulizwa anatoka wapi. Hakuna anayekataa. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba humwamini. Na ndani ya tunda moja la kahawa mna punje mbili. Marafiki wakitaka kufungamana mpaka kufa, hupasua tunda moja, kila mmoja akatafuna punje yake. Hayo ni ya wanaume kwa wanaume. Sijapata kuona mume akimfanyia mkewe. Wangu alinifanyia. Alikaa chini mbele yangu, akapasua tunda, akanipa punje moja kwa mikono miwili.

"Nipe shamba lako," alisema. "Nikiwa mtu kwenye mchezo huu nitajenga nyumba ya bati Bukoba. Na nyasi za kwanza utatandika wewe. Si mwingine."

Msomaji wa leo mwenye sakafu ya saruji huenda asielewe. Zamani tulitandika nyasi laini ndani ya nyumba, tukakaa juu yake, tukalala juu yake. Na mwanamke anayetandika nyasi za kwanza katika nyumba mpya ndiye mwenye nyumba. Hahitaji shahidi. Mimi ambaye kibanja kilikuwa cha watu wengine niliahidiwa mlango wangu. Nilitafuna.

Wiki ileile alikuja na mchanga wa ziwani na debe la mafuta machafu ya magari. Kumbe kule Bukoba, pale panapozunguka shimo hapakuwa na nyasi. Palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, ukasawazishwa ili mpira uteleze. Naye akatengeneza hivyo hivyo, katikati ya shamba langu. Nilisimama na jembe langu begani nikimwangalia anamwaga.

"Haya mafuta yatatoka?"

"Yatatoka na mvua, waitu," alisema, akiniita kwa neno letu la heshima. "Usiogope."

Hayakutoka. Yalishuka na mvua, yakaenea, na udongo ukawa mweusi wa kung'aa kama sufuria chakavu. Hapo hapakuota njugu tena. Mpaka leo panaota magugu tu, nayo kwa shida.

Wanawake waliokuwa wakikata nyasi rweya walimwona akizungusha fimbo chini, wakanitania. "Mumeo bado anaua panya?" Nikawajibu, "Anaua, na wenu wanakula viazi." Nilikuwa na majivuno, na nilikuwa na haki ya kuwa nayo. Alifanya mazoezi mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Nilimpaka samli. Nilimtafutia mipira ndani ya nyasi kwa miguu yangu mitupu, nikachomwa na miiba, nikaumwa na siafu.

Siku Wazungu walipowaachia wabeba mifuko wacheze wenyewe, nilipanda lori kwenda Bukoba nikatazama kutoka barabarani, maana watu kama mimi hatukuruhusiwa kukanyaga kiwanja. Wengine walipiga kwa nguvu, kama wanaopasua kuni. Wangu alipiga kama anayeaga mtu. Mchezo ule anayepiga mara chache ndiye mshindi, nao ni mchezo wa ajabu kwa hilo, lakini hata mimi nisiyejua kuhesabu mapigo niliona wenzake wanaanza kumtazama yeye badala ya mipira yao. Alishinda bila viatu. Wazungu walipiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele barabarani peke yangu, mpaka mpita njia mmoja akaniuliza nani kaoa.

Kuanzia hapo akaacha kubeba mfuko, akawa mtu anayelipwa kwa kucheza na kufundisha. Alimshika Mzungu mzima mabega akamgeuza kama mtoto, akamwambia, "Simama hivi." Walimpeleka kwa meli Kampala, wakampeleka Mwanza, akacheza huko na wenzake weusi wa kazi ile, akarudi na vikombe. Lakini ndani ya nyumba ya Wazungu wenye kiwanja hakuingia. Chakula chake alikulia nyuma, jikoni, pamoja na mpishi. Hilo aliniambia mara moja tu, na hakutaka nilirudie.

Alirudi na viatu vya rangi mbili, vyenye misumari chini. Mama mkwe akamfokea mlangoni, "Vua hivyo! Unatoboa nyumba!"

Kisha akaanza kuja kwa nadra. Wakati wa senene alikuwa Kampala. Pasaka alikuwa Mwanza. Mimi, ambaye sikuwa tena na shamba, nikawa nawalimia wanawake wenzangu kwenye vipande vyao ili nipate njugu za kulisha nyumba na watoto niliokuwa nimemzalia. Waliniuliza, "Si mume wako ni mtu mkubwa?" Nikasema, "Anajenga." Nilisema hivyo huku nikipalilia shamba la mtu.

Ndipo wifi yangu alipokuja na ujumbe. Alisimama uani, hakukaa.

"Kaka anasema kata nyasi. Zile laini kabisa. Uzilete Kitendaguro, pale Bukoba, nyumba imeezekwa bati."

"Amesema hivyo? Mimi nizilete?"

"Amesema zile za kwako ndizo nzuri."

Nilimkumbatia. Nikashangaa amekuwa mkavu kama gogo, lakini furaha haina macho. Ningejuaje? Mwanamke akiambiwa alete nyasi kwenye nyumba mpya ya mumewe, angefikiri nini kingine? Mwanamke yeyote wa kwetu angekosea kama nilivyokosea.

Nilikata nyasi pembezoni mwa shamba langu lililokufa. Nilichagua unyasi mmoja mmoja, nikatupa wenye ncha kali. Nikafunga matita kwa kamba za mgomba kwa fundo aliloniachia mama yangu. Nikavaa nguo yangu ya kanisani. Tukapanda lori la kahawa, mimi na wifi, tukakaa juu ya magunia, nami njia nzima nikaifunika mizigo ile isikauke kwa jua, kana kwamba ni mtoto.

Kitendaguro tuliiona nyumba kutoka mbali, bati linang'aa. Watu walikuwa uani, wabeba mifuko wenzake, wanakunywa lubisi, pombe ya ndizi. Mlangoni alisimama mwanamke wa mjini, kanga mpya, Kiswahili chake kinatiririka. Changu siku zile nilikuwa nakiokota.

"Karibu mama," akaniambia. "Weka hapo ukutani. Lo, nyasi nzuri! Umetoka nazo wapi?"

"Izigo."

"Aa, kumbe ndiwe! Mume wangu alisema ana mtu wake Izigo anajua kukata."

Mtu wake. Hakusema kwa ubaya. Hakujua. Alipiga magoti, akafungua fundo la mama yangu kwa vidole vyake, akaanza kutandika. Alianzia mlangoni, akirudi ndani. Hata kutandika hakujua, alizilaza zikiwa zimepishana vichwa.

Nilimgeukia wifi. Alikuwa anatazama chini.

"Ulijua?"

"Nilijua, wifi."

"Na mama?"

Akajifunika uso kwa kanga.

"Mwaka wa viazi ulikula njugu zangu," nikamwambia. "Ulikula na mama yako akala." Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nilitamani na mimi nilie, lakini watu walikuwa wengi na nguo yangu ilikuwa ya kanisani.

Mume wangu alitoka ndani. Aliniona, akaona nyasi, akaona kwamba nimeelewa. Sasa nitasema alichofanya, kwa sababu ndicho kilichoniumiza kupita vyote. Hakunivuta pembeni. Hakuniita mke wangu. Alichukua kile kikapu kidogo cha kahawa, akanijia mbele ya watu wote, akanyoosha mikono miwili.

"Karibu, waitu. Tafuna."

Alinikaribisha kama mgeni. Alijua hakuna anayekataa kahawa. Alijua nikitafuna mbele ya watu yamekwisha, nimekubali, mimi ni mkata nyasi wa Izigo. Mikono ile niliyoipaka samli.

Sikunyoosha mkono.

"Usinitie aibu mbele ya watu," akanong'ona.

"Aibu nimeikuta hapa," nikasema. "Sikuja nayo."

Kisha nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Kahawa yako siitafuni. Mpe aliyetandika."

Nikaondoka. Mmoja wa wale wabeba mifuko alinipisha njia akiwa ameinamisha kichwa, kama wanavyowapisha Wazungu wakipita.

Nilirudi Izigo, maana watoto wangu walikuwa wa kibanja kile hata kama mimi sikuwa. Nikalima kwa watu. Nikawalea. Mama mkwe alipougua nilimwosha na kumlisha, na hatukulitaja jambo lile, mimi kwa kiburi na yeye kwa aibu.

Miaka ikapita. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani aliporudi. Mgongo ulikuwa umemwisha. Mwili ule uliokuwa ukizunguka kuanzia kisigino haukuweza tena kuokota kijiko. Wazungu wakapata mwingine, kijana, wakamshukuru huyu wakamwambia kwaheri. Na mwanamke wa Kitendaguro akamtolea mfuko wa fimbo nje, akafunga mlango. Nyumba ilikuwa ya aliyetandika. Kwa hilo simlaumu.

Sikumfukuza. Kibanja kilikuwa chake. Nilimpikia ndizi akala, nikampa maji akanawa. Kesho yake akaja na baba yake mdogo na wazee wawili wa ukoo, wakakaa, wakakohoa.

"Mwanamke," baba yake mdogo akasema, "mtu amerudi kwao."

"Nimemwona, tata. Amekula."

"Basi mmalizane."

Mume wangu alitoa tunda la kahawa. Akalipasua. Akaninyooshea punje moja kwa mikono miwili, vilevile kama mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa na maji.

"Nitakujengea hapa hapa," alisema. "Utatandika wewe."

"Na shamba langu?"

Alitazama nje, upande wa rweya.

"Aliyetandika amenifukuza," alisema mwishowe. "Sina mwingine wa kumpa."

Wazee waliningojea. Niliitazama ile punje. Nilikuwa na hamu nayo, mtu asinidanganye kwamba moyo hukauka. Lakini niliisogeza mikono yake pembeni taratibu, nikasimama.

"Kahawa yako siitafuni. Mpe aliyetandika."