Jina Ambalo Mkwe wa Upepo Hakulitaja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya kijiji cha Daudi, Mbulu, mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, alinikabidhi rejesta kabla ya kitu kingine chochote. "Mgonjwa akisema tumbo linawaka, andika linawaka," alisema. "Vidonda vya tumbo utavitafuta baadaye, bwana mdogo."

Baada ya miaka sita nikahamishiwa Dirma, Hanang, nikiwa mfawidhi mwenyewe. Huko nilijifunza jambo ambalo chuoni hatukufundishwa. Mwanamke wa Kibarabaig aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake wala la ndugu yeyote wa kiume wa mkwe huyo. Kwenye kliniki ya watoto, nikiuliza jina la babu, mama alimgeukia jirani kwenye benchi, jirani akalitaja, nikaandika.

Asubuhi moja walimleta Upepo, mwizi wa mifugo, kwa mkokoteni wa punda, mshale umeingia chini ya mbavu. Miaka mingi alikuwa amevusha ng'ombe wa watu kutoka Hanang hadi Mbulu bila kukamatwa. Katika wizi wake wa mwisho mgambo mmoja aliuawa kwa mkuki, na polisi walimshikilia Samweli, mkulima wa Daudi. Mkuu wa kituo alifika akitaka maelezo ya mwisho, maneno ya mtu anayekufa ambayo mahakama huweza kuyapokea. Niliandika mimi. Upepo hakujua Kiswahili, hivyo mke wa mwanawe aliinama, sikio karibu na mdomo wake, akatafsiri.

"Anasema Samweli hakuwepo. Aliyerusha mkuki ni baba mkwe wangu mwingine."

"Yupi?" mkuu aliuliza.

"Ndugu ya huyu."

"Ndugu zake wangapi?"

"Wanne."

"Mama, una baba wakwe kama timu ya mpira. Taja jina."

"Afande, mimi silitaji. Muiteni mama aliyekaa nje. Nikimweleza boma la huyo ndugu, atalitaja jina."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Mama huyo alikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Lakini Upepo alivuta pumzi moja ndefu, na haikufuatiwa na nyingine. "Amekufa. Funga maelezo," mkuu alisema. Nikaandika: mtafsiri alikataa kutaja jina. Nikasaini.

Mahakamani sentensi hiyo ilitosha. Mtafsiri aliyekataa kutaja jina, walisema, anaficha ndugu, na maneno yake yote hayaaminiki. Niliulizwa kama saini ni yangu. Nikajibu ndiyo, nikaambiwa nishuke kizimbani. Samweli alihukumiwa, akafia gerezani kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao mimi nilikuwa nautibu kila wiki.

Sasa nimestaafu, naishi Mbulu mjini. Vijana wa bodaboda stendi husimulia kwamba Upepo alikufa akiwacheka polisi. Huwa nawaambia nilikuwepo, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kumtetea mkulima. Kisha mmoja wao huuliza, "Kwa hiyo mkulima aliachiwa, mzee?"