Sweta Ndani ya Koti

Nichekeni tu, nimezoea. Juzi, shuleni kwetu Mau Narok, nilikuwa nikifundisha jinsi molekuli mbili za kimeng'enya, yaani enzaimu, zinavyoungana: kila moja huipa nyingine kipande chake, kama mkono, na kuwa kitu kimoja. Darasa lilinikodolea macho. Kwa ujuaji wangu nikamwita mwalimu mwenzangu Njeri, ambaye ni shemeji yangu, ili kila mmoja wetu aingize mkono kwenye koti la mwenzake. Nikauchomoa wangu kwa madoido. Wanafunzi wakacheka.

Njeri hakucheka. Alikuwa ameshika sweta ya zambarau niliyoivaa ndani, ile aliyojifumia dada yake, marehemu mke wangu.

“Shemeji,” akaninong'oneza, “si Mama alikuomba hii, ukamwambia nguo zote za dada ulishagawa?”