Manyoya Meupe Kwenye Mavi ya Mbwa

Baba mkwe wangu nampenda. Naanza na hilo kwa sababu siku ile nilitamani kumzaba kibao, na kwa mila yetu hata kumtazama usoni siruhusiwi. Mkwe wa kike wa Kinyakyusa akimwona baba mkwe anakuja, anachepuka njia. Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu mwingine. Wa kwangu ni binti yangu wa miaka mitano.

Kitoto cha mbuzi wa mzee, cheupe, kilipotea. Kesho yake akakuta mavi ya mbwa wetu yamejaa manyoya meupe. Hakuuliza. Akamfunga mbwa kwenye mparachichi, akatangaza kwamba mume wangu akirudi jioni kutoka Tukuyu, mbwa anauawa. Binti yangu akamkumbatia mbwa shingoni, akagoma kula.

Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko la wakwe, nikapaza sauti kama naongea na mtoto.

"Mwambie babu yako Jumapili tulichinja sungura mweupe, ngozi nikamtupia mbwa!"

"Mwambie mama yako," mzee akajibu upande wa pili, mpole kabisa, "sikujua mwanangu ameoa wakili."

Nilichemka! Nikaokota yale mavi kwa jani la mgomba, nikayaosha mpaka yakabaki manyoya matupu. Shoga yangu niliyesoma naye sekondari anafundisha baiolojia shule ya kata, na pale wana hadubini. Nikampigia simu. Akasema nilete na unywele wa mbuzi mama, tulinganishe.

Hapo sasa. Mzee haruhusu unywele wa mnyama wake utoke bandani. Anaamini atakayeondoka nao ameondoka na uzazi wa mifugo yake.

"Basi mwambie babu aulete mwenyewe! Aushike mkononi, arudi nao!"

Nikasikia anatafuta viatu.

Tukaenda hivyo, yeye mbele na unywele wake ndani ya kibiriti, mimi nyuma kwa mbali, mtoto akikimbia katikati kupeleka maneno. Shuleni niliangalia mimi kwanza. Ndani ya unywele uliotoka kwenye mavi mlikuwa na vijumba vimepangwa safu safu, kama punje kwenye gunzi la mahindi, nikasema hivyo kwa sauti mzee asikie.

"Sungura huyo," shoga akasema. "Hakuna ubishi."

Nikatoka nje, nikageukia ukuta, mzee akaingia.

"Weka wa mbuzi," nikamsikia. Akainamia hadubini. "Huyu wangu hana mahindi. Amejaa tu katikati, hana mistari." Nikasikia kiti kinalia. "Mwalimu, hebu weka na huu." Alikuwa amejing'oa unywele wa ndevu! "Hee! Mimi nina kanjia kembamba, tena kamekatika njiani! Nimezeeka hadi ndani?"

"Hapana, babu, binadamu wengi tuko hivyo."

"Weka wa huyu mjukuu!"

Nikashindwa kuvumilia. "Mwambie babu yako mbwa yuko kwenye kamba!"

Alitutangulia kurudi, akitembea kwa kasi ambayo sijawahi kumwona nayo. Fundo lilikuwa limelowa mvua, likagoma. Akapiga magoti kwenye tope, akalifungua kwa meno, huku akimbembeleza mbwa kwa Kinyakyusa laini, kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa migombani, bado nina hasira zangu, nimejiziba mdomo kwa kanga nisicheke.