Nzi Aliyeogelea Kwenye Uji wa Shule

Uji ukishika chini ya sufuria, hata kama ni jikoni kwa jirani, harufu yake hunirudisha darasa la tano, shuleni kwetu Moshono, asubuhi za mwezi wa saba. Mlima Meru umejifunika mawingu, nasi tumejikunyata ndani ya masweta.

Mwalimu Elirehema, aliyetufundisha Kiswahili, alitupa insha kuhusu chakula. Wenzangu waliandika faida za mboga za majani. Mimi niliandika kwamba uji wa shule ulikuwa mwepesi mno, hata nzi aliyetumbukia kikombeni aliogelea mpaka ng'ambo, akapanda ukingoni, akaomba taulo.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Mabega yalianza kumtikisika, akavua miwani, akajifuta machozi. Nikavimba kichwa. Kisha akanirudishia daftari.

"Kamsomee kwanza Mama Ndeshi. Akicheka, utawasomea wenzako."

Mama Ndeshi ndiye aliyepika uji ule. Nilimkuta amepiga magoti akipuliza kuni mbichi, macho mekundu. Nikampa shikamoo, na kwa woga nikampa tena, halafu nikasoma kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Nilipomaliza aliinuka, akawa anakoroga uji tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Huyo nzi wako," akasema hatimaye, "hakuuliza mpishi analetewa unga kiasi gani?"

Nikainamia daftari langu.

"Basi mwandike na mpishi. Sema moshi unamliza kila siku, mpaka wapita njia wanaingia kumpa pole ya msiba."

Akaangua kicheko, mwiko ukamponyoka.

Niliandika palepale, nimekalia ndoo. Nilipowasomea wenzangu, Mama Ndeshi alisimama dirishani, kitenge kiunoni. Kwa nzi walicheka. Kwa wale waliokuja kutoa pole walicheka zaidi, kisha wakageuka kumtazama. Kesho yake wanne kati yetu tulikuja shuleni na kuni kavu.

Kwa miaka mingi niliamini mwalimu alinituma jikoni ili niaibike. Sasa wanangu wananiandikia vihadithi vya kunicheka mimi mwenyewe, na ndipo nimeelewa alichonifanyia. Angeweza kunichapa, nikaacha kuandika. Angeweza kunisifu tu, nikabaki kuwacheka watu kwa mbali.

Na yule mama, macho yakimwasha, alinipa sentensi iliyochekesha kuliko zangu zote. Juu ya insha niliandika jina langu peke yake. Mwalimu nilimshukuru kwa alama. Mama Ndeshi sikumshukuru. Asante, mama.